Picha Imehamia Jikoni

Espoir, mwanangu, papa wangu,

Nyumba imetulia. Mama yako amekupeleka kanisani uombewe safari, na mimi nimesingizia goti. Goti linauma kweli, lakini si kiasi cha kunishinda zile ngazi. Nimebaki kwa sababu kuna jambo nataka kukuambia, na nikilisema kwa mdomo nitapiga kelele. Unanijua.

Mambo ya koti, ya kupiga simu ukifika, ya kutolala na nywele mbichi kwenye baridi ya Amerika, na ya wasichana, hayo mama yako ameshayasema na atayarudia kesho mpaka mlango wa ndege. Namwachia yeye. Mimi nataka kukujibu lile neno ulilonitupia saluni Jumamosi iliyopita, mbele ya watu, nikakosa jibu. Leo ninalo.

Tulikuwa tumempitia mama yako mjini, pale saluni anaposuka, ili turudi naye nyumbani Overport. Televisheni iliyo juu ya kioo ilikuwa inaonyesha wale wapigaji wakubwa wa besiboli wa Amerika, mkono wa mtu mmoja unene wa paja langu. Humo ndani ni wewe tu uliyeujua mchezo huo, basi ukawa mwalimu wa saluni nzima. Huyu anarusha, yule anapiga kwa rungu, mpira ukivuka ukuta watu wanasimama na mpigaji anazunguka uwanja taratibu kama bwana harusi. Ukatueleza kwamba kwao kuna jumba la heshima, ambako mchezaji bora akishastaafu huwekewa sura yake ya shaba ukutani, na wazazi huwapeleka watoto kuitazama. Halafu ukasema sasa kuna maneno, kwamba wapo wakubwa wanaopata misuli kutoka kwenye chupa, na wengine kwenye sindano. Ukatuuliza: watu kama hao waingizwe jumbani au wasiingizwe?

Saluni ikalipuka.

"Waingie tu!" alisema Juma, yule kinyozi Mtanzania. "Chupa haipigi mpira, bwana. Mimi nikinywa chupa hiyo leo nitaupiga? Siupigi ng'o!"

Mama yako hakuinua hata macho kutoka kwenye kichwa cha mteja. "Na ule mwenye alikataa kunywa," alisema, "ye banamuweka wapi?"

"Wapi? Nyumbani kwake!" Juma akacheka.

Mimi nikasimama kabisa. Nikasema wasiingie hata mmoja, wezi hao, wafungiwe mlango na ufunguo utupwe. Mteja mmoja akanipigia makofi na kichwa kikanivimba. Ndipo ulipogeuka kunitazama.

"Papa, na nyinyi je? Timu yenu ya Uvira iliruka ukuta wa uwanja juu muganga alikataza kupita mulangoni. Wewe mwenyewe unatuambiaka. Na picha ya kombe iko pale sebuleni, kila mugeni anaonyeshwa. Ile haikuwa dawa?"

Watu walicheka mpaka Juma akaweka mashine chini. Mimi nilicheka pia, kwa meno tu.

Tulipotoka, mama yako alitangulia kutafuta taksi. Tukasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, mimi na wewe, tukingoja kuvuka. Ukanishika mkono wa shati. "Papa, ile chupa yangu ya pembeni ya sukari, iko kitu kimoja na ya wale. Kijana wa gym ndiye alituletea, mimi na Sandile wa timu yetu. Sandile alikataa. Nilifikiri unajua."

Sikuwa najua. Taa iligeuka kijani, watu wakavuka, mimi nikabaki nimesimama mpaka mama yako akaniita kwa jina. Tangu siku ile nimenyamaza, na najua umefikiri nina hasira na wewe. Hasira ingekuwa nafuu. Nilikuwa naona aibu, na nataka ujue ni ya nini.

Unakumbuka kifuko. Ulikuwa mwaka wako wa kwanza kwenye timu ya besiboli ya kocha wenu Mista Pillay, mtoto mwembamba ambaye rungu lilikuwa linamvuta badala ya yeye kulivuta. Nilifungua begi lako kutafuta soksi chafu, nikakuta kifuko cha kitambaa kilichofungwa fundo, na unga mweupe unatoka kila ukikigusa. Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimeshawahi kushika kifuko cha namna ile mimi mwenyewe, huko kwetu Uvira, na nitafika huko. Sikukuuliza. Nilikibeba kwa vidole viwili ndani ya plastiki mpaka kwa mchungaji, na mchungaji akakiweka sakafuni mbele ya madhabahu, na kanisa zima likanyoosha mikono. "Toka! Toka!" Mama Riziki akaanguka. Wewe ulikuwa kwaya, umevaa shati jeupe, unatazama kitu chako kinavyokemewa. Ulisimama kutaka kusema na shemasi akakukalisha.

Mista Pillay alikuja mwenyewe na gari lake, amelowa jasho, akaeleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba ule ni utomvu wa mti uliokaushwa ukasagwa, wa kukausha kiganja rungu lisiteleze. Kila timu duniani inao. Hata mwamuzi anauona na hasemi kitu. Mchungaji alikuwa ameshapanga kukichoma Jumapili. Niliomba nirudishiwe, nikakificha, kwa sababu nilishindwa kukutazama usoni nikikupa. Wamama wa kanisa walikusalimia kwa mbali mpaka mvua zikaisha, na mimi, ulipolia, nilikuambia tu, "Basi, yameisha." Hayakuisha. Pardon, Espoir. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ile ile.

Sasa linganisha na chupa. Ilitokea mezani mwaka jana, pembeni ya sukari. Chupa safi, kifuniko chekundu, karatasi yenye maandishi mengi ya Kiingereza na picha ya mtu aliyevimba kifua. Mama yako aliuliza ni kitu gani. "Ni vitamini," nikajibu mimi, wewe hata mdomo hujafungua. Kitambaa chenye fundo kilinitoa jasho na kunikimbiza kanisani, lakini chupa ya dukani niliipangusa vumbi kwa shati langu na kuirudisha mahali pake. Asubuhi moja ulichelewa mazoezini ukaisahau, na mimi niliyepeleka utomvu wa mti ukemewe kanisani nikakukimbiza nayo barabarani, huku nachechemea, nakuita urudi uichukue.

Halafu ukakua. Mashati yakakubana, shingo ikanenepa, mipira ikaanza kuvuka uzio na kuanguka barabarani. Ulianza pia kuwaka kwa kitu kidogo. Siku ile ulipoupiga mlango wa choo ukapasuka, tulisema ni ujana, nikaubandika ubao na kuendelea kujisifu. Pale dukani ninapochunga magari ya wateja, hakuna mwenye gari asiyejua habari zako. Watu wamebeba mayai na maziwa, wanataka kuondoka, na mimi nimeinamia dirisha: my son, my son. Kisha akaja yule mtu wa chuo kutoka Amerika, akatazama mechi, na barua ya bourse, ya kusomeshwa bure, ikafika. Mama yako akakumwagia poda kichwani kama tunavyomfanyia mtoto aliyefaulu, na mimi nikacheza na goti hili bovu hadi majirani wakagonga ukuta. Sijutii furaha ile. Nilikupenda sana siku ile.

Nakuja Uvira. Umenisikia nikiisimulia mara nyingi: fainali, dakika za mwisho, mshambuliaji wao yuko peke yake na mimi golikipa, nikamtokea, mpira ukaenda nje, tukachukua kombe. Kila mgeni akiketi chini ya picha ile anaisikia. Ni kweli tuliruka ukuta. Tuliruka na kaptura mpya, ya beki wetu wa kulia ikachanika, akacheza mechi nzima amejishika nyuma. Ile ilikuwa ya kuonyesha watu tu, na wenzetu nao walikuwa na mganga wao, tena wa bei. Nilitaka kukujibu hivyo saluni: wote walifanya. Lakini hilo ndilo neno ulilokuja kuniambia wewe usiku wa Jumamosi ile tukila, kuhusu chupa. Bote banakunywaka, papa. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka mdomoni mwako.

Kilichobaki sijawahi kukusimulia. Asubuhi ya fainali mganga alinipa kifuko, nikakizika nyuma ya mlingoti wa goli langu, wa kushoto. Sikuukanyaga udongo vizuri, kwa hiyo ulionekana. Kipindi cha pili yule mshambuliaji, kijana tuliyemwita Kibonge, alitoka peke yake na mpira. Mimi nilikuwa nimeteleza. Nilikuwa nimekaa chini, Espoir, nimekaa kabisa, miguu imenyooka mbele. Goli lote lilikuwa lake. Akainua macho, akauona udongo mbichi kwenye mlingoti, nami nikamwona anavyouona. Akapiga upande wa pili, mbali, nje kabisa, na uwanja ukalipuka.

Kijana yule hakuniogopa mimi. Aliogopa udongo. Mechi ilipoisha alikaa kwenye nyasi, kocha wake anamfokea mbele ya watu, na yeye hakuweza kueleza, kwa sababu angesema nini? Msimu uliofuata hakuitwa. Sijui alienda wapi, sijui hata jina lake la kweli. Mimi niko kwenye picha, nimechuchumaa mstari wa mbele, kombe liko juu ya paja langu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Juma ana haki, chupa haipigi mpira. Wale wakubwa wa Amerika walikuwa na macho na mikono kabla ya chupa, na wewe pia. Nilikuona ukipiga mawe kwa mpini wa ufagio tulipokuwa bado tunalala wote chumba kimoja, na hukukosa hata jiwe moja. Kipaji chako hakuna anayekikana. Lakini swali la kweli aliliuliza mama yako, na sote tulilipita kwa kicheko. Yule aliyekataa anawekwa wapi? Kwenye televisheni hakuna anayemtaja, kwa sababu hakuna anayemjua. Labda alipiga mipira yake mpaka pale mkono wake ulipofika, akaachwa, akarudi kwao kuendesha lori. Yule ndiye naona anadaiwa nafasi ukutani, na maadamu wengine wamekaa hapo hawezi kuipata.

Wewe una bahati mbaya kuliko watu wa televisheni, kwa sababu yule wa kwako unamjua jina. Sandile yuko Mobeni kwenye maghala anabeba maboksi, na Jumamosi anakuja kucheza na mgongo unaouma. Mtu wa chuo alikuwa na nafasi moja. Inawezekana angekuchagua wewe hata bila chupa, mimi ningesema hivyo kwa kuwa ni baba yako. Lakini hatutajua. Hata wewe mwenyewe hujui, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba umenyimwa kujua.

Sisemi majina ya wale wakubwa yafutwe. Mipira ilivuka ukuta kweli na watu wakafurahi kweli. Marungu yao na yatunzwe kwenye chumba fulani, na habari yote iandikwe pembeni, mazuri na mabaya. Ila ule ukuta ambao mtoto anapelekwa kwa mkono na kuambiwa tazama, uwe hivi, huo hapana. Nilisema hapana saluni kwa kelele za kutafuta makofi. Leo nasema hapana nikiwa nimekaa peke yangu, na nimeanza na ukuta wangu.

Mchana, ulipokuwa umeenda kuwaaga watu wa timu, nilipanda kiti na kuitoa picha. Sikuichana. Wamo rafiki zangu waliokwisha kufa, na kaptura iliyochanika inaonekana ukijua pa kutazama. Imehamia jikoni, juu ya sufuria, ambako huiona mtu wa nyumba hii tu. Anayeuliza atasimuliwa, na Kibonge atakuwemo. Mama yako aliiona pale, akainyoosha maana niliitundika upande, akaendelea kukaanga mandazi yako ya safari. Msumari wa sebuleni nimeuacha.

Sitakuficha kwamba nilitaka kukuzuia usiende. Nilimwambia mama yako. Alinijibu, "Ukimuzuia atakunywa hapa hapa, tena atakuchukia juu yake." Nimelala na maneno hayo nikaamka nayo, naona ana haki. Basi nenda. Bourse sikuambii uirudishe, ndege haitamngoja Sandile. Lakini ukifika, piga kwa mkono wako, ule wa mpini wa ufagio. Mwanzoni mipira itaanguka karibu. Kocha wa huko atakunja uso, wenzako watasema yule mtu tuliyeambiwa anakuja yuko wapi. Vumilia. Wakisema huwafai, rudi. Nitakuja kukupokea na kizibao changu cha kazi, sitakuuliza swali, maharage yapo na Mobeni haijajaa. Ninachotaka ni kwamba atakayepiga huko awe wewe, ili wakikusifu uwe na uhakika wanamsifu nani.

Sandile anakuja asubuhi kukubebea sanduku mpaka taksi. Ya kumwambia ni yako, mimi sitayagusa.

Sasa nakuambia la mwisho. Mama yako aliniomba nilikaze sanduku kwa mkanda kwa kuwa zipu ni ya Kichina. Nilipolifungua kupanga viatu nikaiona chupa mpya ndani ya soksi, kifuniko chekundu hakijavunjwa. Mkono wangu ulishafika pale. Nilikuwa nimeshasimama nayo, naelekea chooni, nikakumbuka kwaya na shati lako jeupe. Siku ile nilichukua kitu begini mwako bila kukuuliza. Leo sichukui. Nimeirudisha kwenye soksi ile ile.

Pembeni yake nimeweka kifuko. Nilikuwa nacho miaka yote hii kwenye sanduku la nyundo. Unga umepungua lakini bado unashika, nimeujaribu kwenye mpini wa ufagio. Barua hii nitaiweka juu ya vyote viwili ili uione utakapotia mswaki wako, kabla mkanda haujakazwa.

Ukiamua kuiacha chupa, iache mezani, pembeni ya sukari, pale nilipoipangusa vumbi. Usiniambie kitu njiani, na mimi sitauliza. Uwanja wa ndege nitakushika kichwa, nitakubariki, nitakuacha uende. Nikirudi nitatazama meza kabla ya kuvua viatu. Nikiikuta, nitaimwaga kwa mkono wangu, na msumari nitakutunzia wewe: utaniletea picha yako yoyote ya huko, hata ya siku uliyokosa mipira yote, na nitamkalisha kila mgeni chini yake. Nisipoikuta, wewe bado ni mwanangu. Sahani yako haitoki kabatini, na kila asubuhi nitapiga goti hili bovu nikutaje kwa Mungu, wewe wa kwanza, kabla ya mtu mwingine. Lakini msumari utabaki mtupu.

Nasikia mnapanda ngazi. Mama yako anaimba.

Ni mimi papa yako, yule golikipa aliyekuwa amekaa chini.